Maswali ya Wasomaji: Ukumbi wa Pwani, Chokaa na Jukwaa

Assalamu alaykum wahariri. Kikundi chetu cha tarabu na maigizo hapa Langoni, Lamu, kimepewa kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba kongwe ya mawe tukigeuze ukumbi wa wazi. Kuta zilipigwa lipu ya simiti miaka michache iliyopita. Sasa imevimba, inabanduka vipande vizima, na jiwe lililo nyuma yake linamung'unyika. Je, tupige simiti kali zaidi? — Katibu wa kikundi, Langoni

Wa alaykumu salaam, Katibu. Simiti ndiyo iliyowafikisha hapo, msiiongeze. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, hufyonza maji kutoka chini na kutoka hewani, na maji hayo hubeba chumvi. Ukuta wenye lipu ya chokaa hutoa unyevu ule nje polepole. Ukiufunika kwa simiti, maji hukwama nyuma, chumvi huganda ndani ya vitundu vya jiwe, hutanuka na kulipasua. Ile unga mnayoiona ndiyo jiwe lenyewe lililosagika.

Kabla ya kugusa ukuta, pandeni juu mkatazame sakafu ya dari, yaani paa bapa la nyumba, na makopo yanayomwaga maji ya mvua nje. Kamati nyingi huanza na rangi na mapazia kwa sababu ndivyo vinavyoonekana na wageni, kisha masika moja huharibu yote. Kumbukeni pia kwamba Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Pitieni kwanza ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya kupata idhini.

Simiti iondolewe kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kuchimbua hutikisa ukuta hadi udongo wa ndani ulegee. Ukishabaki wazi, uacheni upumue wiki kadhaa. Chumvi itajitokeza kama manyoya meupe. Ifagieni kwa brashi kavu na kuitupa mbali. Mkiiosha kwa maji, mtairudisha ndani.

Lipu mpya iwe ya chokaa. Chokaa mbichi ya tanuu, iliyochomwa na isiyoguswa na maji, izimwe, yaani itiwe majini, katika pipa lililo wazi. Maji hutangulia, nusu ya pipa, ndipo mabonge yatiwe machache machache. Anayemwaga maji juu ya rundo la chokaa mbichi anaomba kuungua, kwani huchemka na kuruka. Vaeni miwani na glavu, na ikimwingia mtu jichoni, aoshwe kwa maji safi mfululizo kwa dakika 20 na apelekwe hospitali. Ikipoa, ichujwe kwa wavu wa milimita 3 na ilazwe chini ya tabaka la maji, pipa limefunikwa. Mwezi mmoja ndio uchache, miezi 3 ni bora. Punje ambayo haikuzimika vyema hujizima baadaye ukutani na kuacha kishimo kwenye lipu. Mkikosa chokaa ya tanuu, ile ya unga ya gunia hufaa, ila ilowekwe usiku kucha kwanza.

Mchanga usichotwe ufuoni wala kwenye vilima vya Shela. Wa ufuoni una chumvi, na vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya visima vya Lamu. Tafuteni mchanga wa shimo, wenye punje kubwa na ndogo. Tieni mchanga kiasi cha nusu chupa, ongezeni maji matamu, tikiseni, acheni utulie hadi kesho. Tope la juu likizidi sehemu moja kati ya kumi ya mchanga, uoshwe. Kisha ionjeni ile maji kwa ncha ya ulimi. Ikiwa na chumvi, mchanga huo haufai.

Kipimo ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Chokaa hukaa katika nafasi zilizo kati ya punje, kwa hiyo mchanganyiko hautazidi sana wingi wa mchanga mliotia. Tabaka la kwanza liwe milimita 12, yaani lita 12 kwa kila mita ya mraba. Kwa ukuta wa mita 40 za mraba mtahitaji lita 480. Ongezeni asilimia 20 ya kupotea, mfike karibu lita 576 za mchanga, au ndoo 29 za lita 20, na chokaa lita 192, karibu ndoo 10. Mashimo makubwa jazeni kwanza kwa vipande vya mawe na chokaa, kidogo kidogo. Bonge nene halikauki ndani.

Ukuta ulowe jioni ya kabla yake, na tena asubuhi. Tabaka likishaanza kushika, lirudieni kwa kibao kufunga nyufa ndogo, kisha likwaruzwe ili la pili, la milimita 5 au 6, lishike. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chokaa hukomaa kwa hewa na unyevu pamoja. Upepo wa kusi ukiukausha ukuta siku moja, lipu hubaki unga daima. Funikeni kwa magunia mabichi, nyunyizeni asubuhi na jioni kwa siku 7 kila tabaka. Mwisho pakeni chokaa nyembamba kama maziwa, mikono mitatu au minne. Rangi ya plastiki ingeziba tena kila mlichokifungua.

Bwana Mhariri, sisi tuko Shela. Ukumbi wetu ni mdogo, tunataka kuweka watazamaji juu ya dari ya nyumba ya jirani ili waone jukwaa. Dari ni ya boriti. Itastahimili? — Mlezi wa vijana, Shela

Hapana, ndugu yetu, na hesabu yenyewe inatisha. Sakafu ya chokaa na mawe yenye unene wa sentimita 25 huwa na uzito wa karibu kilo 450 kwa mita ya mraba kabla mtu hajapanda. Watu 4 waliobanana katika mita hiyo wanaongeza kilo 280, na wakianza kucheza ngoma uzito unapigapiga. Boriti za mikoko ndizo zilizofanya vyumba vya kale viwe vyembamba, kwa kawaida chini ya mita 3. Hazikukusudiwa umati.

Kibaya zaidi, dari kongwe nyingi zimeongezwa tabaka jipya kila zilipovuja. Dari iliyobonyea katikati haihitaji tabaka lingine, inahitaji kupunguzwa. Kagueni ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, maana huko ndiko kunakooza, ilhali katikati huonekana nzima. Chomeni kwa bisibisi: ikizama kwa urahisi, ncha imekwisha. Boriti mpya iachiwe nafasi ya hewa kuzunguka ncha yake, na mikoko inunuliwe kwa mwenye kibali cha Shirika la Misitu la Kenya.

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa, Malindi. Ngome ya Lamu ilijengwa iwe thieta? Na huko Uingereza kuna thieta za pwani zilizokarabatiwa? — Msomaji, Malindi

Ngome ilijengwa iwe ngome, kati ya 1813 na 1821, baada ya Vita vya Shela, ambapo Lamu iliwashinda Wapate na Wamombasa. Wakati huo ilikabili maji. Nyumba za mbele zilikuja baadaye juu ya ardhi iliyojazwa. Ilitumika kuwa gereza hadi 1984, ndipo ikawa makumbusho, na kiwanda chake sasa hupokea mikutano, arusi na maonyesho. Kwa mfano wa karibu, tazama Ngome Kongwe ya Unguja, ambamo ukumbi wa ngazi za kukalia ulijengwa ndani ya ua.

Jirani na Uingereza, katika bahari ya Ireland, kuna thieta ya Gaiety mjini Douglas, Kisiwa cha Man, iliyobuniwa na msanifu Frank Matcham na kufunguliwa 1900. Serikali ya kisiwa iliinunua 1971, na ukarabati wake uliendelea kwa miaka mingi. Umaarufu wake mmoja uko chini ya jukwaa: mtambo wa mbao unaomwinua mwigizaji polepole huku ukimsogeza upande, aonekane kama mzimu unaoelea. Kinachotufaa sisi zaidi ni adui yetu wa pamoja, yaani hewa ya chumvi juu ya chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoiumba, hivyo msumari uliozikwa ukutani hupasua jiwe. Tumieni skrubu za chuma kisichoshika kutu za daraja la 316, au za shaba.

Jukwaa tulifungeje katika kiwanda cha kale? — Fundi seremala, Mkomani

Lisifungwe ukutani hata kidogo, Fundi. Lisimame lenyewe kwa miguu iliyo juu ya vibao vya sentimita 30 kwa 30 ili lisitoboe sakafu. Acha sentimita 30 kati yake na ukuta, lipu ipate hewa na fagio lipite. Nyaya zipite juu ya ukuta ndani ya mabomba ya plastiki. Ukichimba mifereji kuzificha, utakata lipu na kuacha njia ya maji. Jenereta ikae nje, upande ambao upepo hautarudisha moshi kwa watazamaji, na njia ya kutokea ibaki tupu kabla kiti cha kwanza hakijapangwa.