Mama ana dematomayosaitisi: msiishie kwenye vidonge, mtafutieni na uvimbe wa kansa

Pole sana mdogo wangu. Umeuliza kwa nini daktari anataka mama apigwe siti skani wakati dematomayosaitisi ni ugonjwa wa misuli na ngozi, na kama mnaweza kusubiri hela ipatikane. Naomba msisubiri, kwetu yametukuta.

Mama yangu alianza kushindwa kunyanyua mikono kuchana nywele, ikawa kilemba tunamfunga sisi, halafu akikaa kwenye kigoda hainuki mpaka umshike kwapani, tukajua uzee. Kope zikageuka zambarau kama kapaka rangi, na juu ya vifundo vya vidole vikatoka vipele vigumu vyenye magamba, tukaambiwa aleji ya sabuni, miezi 4 tunapaka krimu tu. Siku uji umempalia ukatokea puani ndo tukakimbia naye.

Hospitali ya kwanza wakapima CK, kile kimeng'enya cha misuli kwenye damu, iko juu sana, wakakata kinyama cha paja wakapime, wakampa predinisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga. Nguvu zikarudi kidogo tukafurahi, ila kila dozi ikipunguzwa anarudi kulekule, na hakuna aliyetutajia kansa. Daktari mwingine ndo akauliza mmetafuta uvimbe? Ultrasaundi ikauonyesha kwenye ovari.

Alivyotueleza, wanadhani kinga ya mwili inapigana na uvimbe halafu inaishia kuipiga na misuli. Sasa usiogope, wagonjwa wengi hawana kansa kabisa, lakini kwa mtu mzima wanaokutwa nayo si wachache, iwe ovari, matiti, mapafu au tumbo, na hatari iko juu zaidi mwaka ule wa kwanza tangu ugonjwa ugundulike japo inaendelea miaka kadhaa. Kwa hiyo hata majibu yakitoka safi mwulizeni daktari lini mrudie. Mwulizeni pia kipimo cha damu cha antibodi ya TIF1-gama, kikiwa chanya kwa mtu mzima wanatafuta kwa bidii zaidi.

Mama akafanyiwa upasuaji, akaanza kemo, na baada ya dripu ya tatu asubuhi moja nikamkuta mbele ya kioo anajifunga kilemba mwenyewe, mikono yote miwili juu, nikakaa kitandani nalia.

Halafu umeandika mama anakohoa akinywa chai. Hilo msingoje kliniki ijayo, mpelekeni kesho, na kwa leo anywe akiwa amekaa wima, kidogo kidogo, na msimkatishe predinisoloni ghafla hata kama uso umevimba kwa sababu ya dawa hiyo.