Tusiwazuie kusema, tuangalie nani anayewajibu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mazungumzo ya kujiua yapigwe marufuku kwenye makundi ya mtandaoni. Mimi nasema yasipigwe. Mtu aliyefikia kuwaza kufa, akinyamazishwa hata huko, atabaki peke yake na mawazo yaleyale. Na kumuuliza waziwazi, "Unafikiria kujiua?" hakumtii wazo hilo kichwani, wataalamu wamelisema hili miaka mingi. Wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna aliyeuliza.

Ninachokiogopa ni nani anayemjibu. Yapo majukwaa ambamo waliokata tamaa hukesha wakijibizana wenyewe kwa wenyewe. Wanaelekezana, wanaagana, na anayesema "subiri kupambazuke" huonekana ndiye asiyewaelewa. Humo pia huingia wawindaji. Huko Minnesota, Marekani, mwanamume mmoja aliyekuwa muuguzi alijifanya msichana mwenye kutaka kufa, akawachochea wenzake. Alitiwa hatiani mwaka 2011, na baada ya rufaa akatiwa hatiani tena mwaka 2014 kwa kusaidia mtu kujiua.

Wakati mwingine hata mwindaji hahitajiki. Molly Russell wa London alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 14. Mitandao ilikuwa ikimletea yenyewe picha na maneno ya kujidhuru, moja baada ya jingine. Mwaka 2022 uchunguzi rasmi wa kifo chake uliamua kwamba hayo yalichangia.

Kwetu balaa kubwa ni WhatsApp. Barua ya marehemu inapigwa picha, na ndugu hawajafika mochwari tayari imeandikwa "imesambazwa mara nyingi." Watu wanaichambua mstari kwa mstari: mke alimtesa, bosi alimdhulumu, afadhali amepumzika. Fikirini kijana anayesoma hayo huku naye anayumba. Anachojifunza ni kwamba ukishakufa ndipo watu watakusikiliza. Hili linaniuma kuliko yote, maana wanaosambaza ni sisi, watu wazima wenye akili zetu.

Sheria nayo imechangia. Nchini Kenya, kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwenye kuogopa polisi na aibu ya mtaa atamwendea nani, kama si mgeni asiyejua hata jina lake?

Katika kundi letu la tuliosoma pamoja, mwenzetu mmoja aliandika usiku, "Nisameheni wote." Ikamiminika mikono ya kuombea, na "Amina" nyingi. Dada mmoja hakuandika kitu. Alimpigia simu, akamwuliza moja kwa moja, akakaa naye hewani huku mumewe akimtafuta kaka wa yule mwenzetu. Kaka akaenda, akakesha naye, asubuhi wakafika hospitali. Yuko hai, anatibiwa.

Tangu hapo picha na barua za aina hiyo zinafutwa papo hapo, na viongozi wa kundi wana namba ya ndugu wa karibu wa kila mmoja wetu.