Hatua Mbili za Lancelot na Kosa Asilolijua Mumeo

Msomaji wetu mmoja, mwalimu wa fasihi aliyeolewa miaka mitatu iliyopita, ameniandikia kwamba tangu chuoni amekuwa akipenda visa vya Mfalme Arthur, hasa mapenzi ya Lancelot, shujaa wa mfalme huyo, na Malkia Guinevere, mke wa mfalme. Alipofiwa na shangazi yake hivi karibuni, alitaka yeye na mumewe waondoke usiku uleule kwenda mazishini, lakini mume akasema kwanza apige simu kazini kuomba ruhusa. Kisha wakasafiri pamoja. Tangu hapo anamjibu mumewe kwa mkato, akiamini kwamba mpenzi wa kweli hasiti, na ananiuliza kama alikosea kuchagua.

Binti yangu, kwanza nakupa pole kwa msiba.

Kwa kuwa umemleta Lancelot awe shahidi, tumsikilize hadi mwisho. Kisa chake kilitungwa na mshairi Mfaransa Chrétien de Troyes, yapata kati ya mwaka 1177 na 1181, kwa agizo la Marie wa Champagne, bibi mtawala wa jimbo hilo la Ufaransa. Malkia ametekwa na Meleagant, mwana wa mfalme wa nchi nyingine, na Lancelot, akiwa amepoteza farasi, anakutana na kibete mwenye mkokoteni anayemwambia apande ikiwa anataka habari za malkia. Mkokoteni huo ulikuwa wa kuwatembezea wahalifu hadharani, kwa hiyo kuupanda kulikuwa fedheha kubwa. Lancelot anasita kwa hatua mbili tu, halafu anapanda. Baadaye, akimfuata malkia, anatambaa juu ya daraja la upanga, yaani upanga mkali uliolazwa juu ya mto, mikono na miguu mitupu, akitokwa damu, lakini anapofika mbele ya Guinevere, malkia anakataa kusema naye na wala hamwambii sababu.

Wasomaji wengi hulikumbuka daraja wakasahau yanayofuata, nami naona hapo ndipo penye uzito. Uvumi unamfikia malkia kwamba Lancelot ameuawa, naye anaacha kula, akijilaumu kwamba ukimya wake ndio uliomuua. Lancelot naye, akisikia kwamba malkia amefariki, anajaribu kujiua. Ni baada ya hayo yote ndipo wanapokutana, Lancelot akauliza kosa lake, na malkia akamtajia zile hatua mbili. Tafadhali isome tena sehemu hiyo taratibu, kwa maana mtu aliyekuwa tayari kufa kwa ajili yake aliadhibiwa kwa jambo ambalo hakuwahi kuambiwa.

Mapenzi yao ni mazuri kusoma, nami siwezi kuyadharau, ila wawili hao hawakuwahi kuendesha nyumba pamoja. Mshairi huyohuyo aliandika pia juu ya wanandoa, na ningependa umpime mumeo kwa Yvain, shujaa mwingine wa Arthur, aliyemwoa Laudine kisha akaomba ruhusa aende kwenye mashindano ya mashujaa. Laudine alimpa mwaka mmoja, Yvain akausahau muda huo hadi ukapita, na mkewe akamkataa. Hasira ya Laudine ina msingi, kwa sababu palikuwa na ahadi iliyosemwa waziwazi na mtu akaivunja. Mumeo hakuvunja ahadi yoyote: aliilinda kazi inayowalisha ninyi wawili, kisha akaja nawe kuzika.

Najua kwamba usiku ule simu ile ilikuuma, na maumivu hayo ni ya kweli hata kama hakukusudia. Basi mwambie hivyo, mkiwa peke yenu na mmetulia, kwamba ulihitaji akushike mkono kabla ya kushika simu. Usimtajie Lancelot, wala usimpe mtihani mwingine wa kimyakimya. Mwachie nafasi akueleze alichokihofia. Ikiwa baada ya kusikia atayapuuza machozi yako, au atakukejeli kwa kuomboleza, hilo litakuwa jambo tofauti kabisa na hatua mbili za kusita, na hapo uniandikie tena.