Shangazi, mkware akitubu huaminika?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu, naishi Langoni, Lamu. Nina miaka 38 na niliachika miaka sita iliyopita. Usiku, binti yangu akishalala, husoma hadithi za mapenzi za Uingereza ya zamani, zile za mabwana wenye magari ya farasi, ambamo mkware hutubu akapata penzi la pili. Sasa yamenifika. Nahodha mmoja wa dau, aliyefiwa na mkewe, ameleta posa. Ujana wake mji mzima waujua, na kaka yangu hataki hata kumsikia. Juzi nilimkuta kwa wakala wa M-Pesa akituma karo ya mtoto aliyemzaa Malindi nje ya ndoa. Aliponiona alishusha sauti. Moyo wangu ulilainika. Je, nadanganywa na vitabu?

Marahaba mwanangu. Hadithi hizo nami nazipenda tangu usichana, kwa hiyo sitakwambia uzitupe. Enzi ya hadithi hizo ilikuwa fupi, 1811 hadi 1820, Mfalme George III alipougua akili na mwanawe akatawala kwa niaba yake. Lakini hata kabla ya hapo Waingereza walikuwa na usemi kwamba mkware aliyetubu ndiye mume bora. Samuel Richardson aliuona usemi huo ni hatari, akaandika riwaya ya Clarissa, iliyotoka 1747 na 1748, kuonyesha jinsi mkware anavyomwangamiza binti wa watu.

Tafuta Sense and Sensibility ya Jane Austen, ya 1811. Marianne anaamini mtu hapendi mara mbili. Kijana mtanashati anayempenda kufa anamwacha akaoe mwenye mali, na baadaye yanajulikana: alikuwa amemtia mimba binti mwingine akamtelekeza. Binti huyo alilelewa na Kanali Brandon, kwa kuwa mamake ndiye aliyekuwa penzi la kwanza la Kanali. Watu walimsengenya kwamba ni mwanawe wa nje, naye akaendelea kumtunza. Penzi la pili la Marianne likawa kwa huyo Kanali.

Ndiyo maana katika barua yako nimesimama hapo kwa wakala. Posa kila mtu aleta. Karo ya mtoto wa Malindi, iliyotumwa bila kutaka kuonwa, hiyo yanigusa. Ila uliiona mara moja tu, mwanangu. Huenda ni desturi yake ya miaka, huenda ilikuwa ya kwanza.

Na usisahau ulivyo na nguvu kuliko wanawake wa hadithi zile. Wao wakiolewa, mali yao karibu yote ilikuwa ya mume; sheria ilianza kulegea 1870, ikabadilika hasa 1882. Talaka ya kumruhusu mtu kuoa tena ilihitaji kupitishwa na bunge hadi 1857. Wewe mshahara wako ni wako, mahari ni yako, na masharti waweza kuyaweka kabla ya nikaha.

Basi mwambie wataka kumjua mtoto huyo. Mvuke hadi Mokowe, mpande basi la Malindi, na kaka yako awe nanyi. Mtazame mtoto atakavyompokea babake mlangoni: atamkimbilia, au atajificha nyuma ya mamake? Mamake naye mwamkie, umuulize karo huja tangu lini. Kisha uniandikie. Barua yako nitaifungua mwanzo.