Mama anaamka saa nane usiku: nimpe Piriton?

Swali: Daktari, mama ana miaka 74. Nimemtoa Murang'a, sasa anaishi nasi hapa Umoja. Saa mbili usiku ashaingia kitandani, saa nane macho makavu mpaka kunakucha. Mchana anasinzia kwenye kochi. Dawa zake za presha anameza jioni. Jirani ananiambia nimpe Piriton mbili kila usiku. Ni sawa?

Jibu: Usimpe, dada. Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi unaoleta ni madhara yake tu. Kwa aliyepita miaka 65 inaweza kumchanganya akili, kumfunga choo na kumfanya ayumbe akiamka gizani kwenda msalani. Mifupa ya mwanamke hupungua nguvu hedhi ikishakoma, na nyonga ikivunjika katika umri huo ni balaa. Diazepam, dawa ya kutuliza inayoleta usingizi, nayo inaweza kumchanganya akili na kumfanya ayumbe vivyo hivyo. Kama tayari anaimeza, msiikatize ghafla. Daktari aipunguze polepole.

Sasa piga hesabu. Saa mbili hadi saa nane ni saa sita, na bado hujahesabu za kwenye kochi. Usingizi anaupata, ila umekaa pabaya. Umri ukisonga, mwili huanza kusinzia mapema na kuamka mapema, nanyi mnamwahisha kitandani "apumzike".

Mcheleweshe. Alale saa nne na nusu, aamke saa kumi na moja na nusu kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, hata Jumapili. Wiki mbili za mwanzo atanung'unika na atachoka; vumilieni, maana njia hii hushinda vidonge kwa kudumu. Akikaa macho kama dakika 20, atoke kitandani aketi sebuleni kwenye mwanga hafifu, asali rozari yake, arudi usingizi ukimjia. Kochi la mchana lisizidi nusu saa, na liwe kabla ya saa tisa.

Jioni mpandishe juu mnakoanika nguo, akae na mwanga hadi jua lizame. Wengi husisitiza jua la asubuhi, lakini kwa anayeamka mapema kupita kiasi, la jioni ndilo humsogezea usingizi mbele. Chai ya majani mwisho saa nane mchana. Baadaye uji, na usiwe mwingi.

Soma pakiti za presha. Ukiona hydrochlorothiazide au furosemide, hiyo hutoa maji mwilini, na huenda ndiyo inayomwamsha kukojoa. Mwulize daktari wake kama inaweza kuhamia asubuhi.

Mlete kliniki mapema ikiwa anakoroma hadi pumzi kukatika, anahisi kitu kikimtambaa miguuni usiku, au amepoteza hamu ya chakula na watu. Huenda kuna ugonjwa mwingine, na ratiba peke yake haitatosha. Njoo na pakiti zote anazotumia, mitishamba ikiwemo.