Wasomaji Wanauliza: Kamera ya Kwanza kwa Fedha Kidogo

SWALI: Nimeuza viazi na nimetenga shilingi 700,000 za kamera. Nataka kupiga picha za ubatizo, kipaimara na harusi hapa kijijini. Katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, nimeonyeshwa mbili kwa bei zinazokaribiana: ndogo mpya ya mfukoni yenye megapikseli 20, na Canon EOS 1200D iliyotumika, megapikseli 18, pamoja na lenzi yake ya kuvuta ya milimita 18-55. Muuzaji anasisitiza nichukue yenye namba kubwa. Mnanishauri nini? (Msomaji, Isyonje, Rungwe)

JIBU: Chukua 1200D, ila uikague kwanza. Megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, zisikusumbue. Picha ya inchi 4 kwa 6 huhitaji megapikseli 2 na kidogo ili isafishwe vizuri. Ukurasa mzima wa A4 huhitaji kama 9. Kinachozitenganisha kamera hizi ni kihisi, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Kwenye kamera nyingi ndogo za bei nafuu kina milimita 6.2 kwa 4.6 tu. Kwenye 1200D ni milimita 22.3 kwa 14.9, eneo karibu mara 12. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, siku ya mawingu, kihisi kidogo huzidiwa na giza: picha inajaa chenga na nyuso zinakuwa kama zimepakwa matope.

Nenda dukani mchana, ukiwa na kadi yako ya memori na tochi. Toa lenzi, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu. Lenzi hiyo iache. Rudisha lenzi, weka kamera kwenye modi ya M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata, yaani pazia linalopitisha mwanga, iwe 1/4000 ya sekunde, upige ukuta mweupe wenye jua kali, ukipandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mpaka picha iwe angavu. Mstari mweusi pembeni mwa picha maana yake shata imechoka, na kuibadilisha kunaweza kumeza bei ya kamera yenyewe. Kisha weka apecha, yaani tundu la lenzi la kupitisha mwanga, iwe ndogo, f/22, na shata ya polepole, upige ukuta uleule na ukuze picha kwenye skrini. Madoa meusi yaliyofifia ni vumbi juu ya kihisi na husafishika. Mstari mkali usiohama kila unapopiga huenda ni mkwaruzo, hapo ondoka.

Zungusha lenzi kutoka 18 hadi 55, na katika kila hatua bonyeza kitufe nusu. Ikisita au ikikwaruza kwa sauti, mota ya kulenga ina hitilafu. Inua flashi ujaribu mara tano. Toa betri: ikikwama, imevimba. Halafu ulizia chaja, maana betri ya 1200D huchajiwa nje ya kamera na bila chaja hiyo umenunua pambo. Idadi ya mipigo ya shata haiandikwi ndani ya picha za kamera hii, kwa hiyo mtu akikutajia namba bila kukuonyesha kwenye kompyuta, usiilipie.

Fedha yote isiishie kwenye kamera. Bakiza kama 150,000 kwa betri ya pili aina ya LP-E10 na kadi mbili za GB 16, daraja la 10 (la kasi ya kuandika picha). Kadi moja ikifa katikati ya harusi, nusu ya kazi imepona. Jaza picha kwenye kadi zote mbili ukiwa nyumbani, kisha fungua za mwishomwisho. Kadi bandia hujitangaza kubwa kumbe haina nafasi hiyo, na picha za mwisho hazifunguki.

Ukishapata kazi mbili tatu, nunua lenzi ya Canon ya 50mm f/1.8 kabla ya kuwaza kamera nyingine. Inapokea mwanga zaidi ya mara 9 ya ile 18-55 ikiwa imevutwa hadi 55. Pale ambapo ungelazimika kupiga kwa 1/15 na bibi harusi akatoka na ukungu, utapiga kwa 1/125 na atatulia. Lakini 18-55 usiiuze. Hiyo 50 haitakutosha kwa picha ya ukoo mzima sebuleni, kwani utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta.

SWALI: Nimeona Canon inaitwa Kiss X5 mtandaoni. Ni bandia? Pia baba ana lenzi ya zamani ya Nikon aina ya AF-D. Nikinunua kamera ya Nikon D3200 itafanya kazi? (Msomaji, Kihesa, Iringa)

JIBU: Si bandia. Kiss X5 ni jina la Japani la EOS 600D, ambayo Marekani huitwa Rebel T3i. Hakikisha tu menyu ina lugha unayoielewa, na kumbuka betri yake ni LP-E8, haiingiliani na ya 1200D. Lenzi ya baba itaingia kwenye D3200 na kupiga, lakini haitalenga yenyewe kwa sababu kamera hiyo haina mota ya ndani. Utazungusha kwa mkono. Zenye alama AF-S hulenga zenyewe.

SWALI: Kuvu imeanza pembeni mwa lenzi yangu. Naihifadhi kwenye mfuko wa ngozi kabatini. (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Kwa mvua za Tukuyu, mfuko wa ngozi ndani ya kabati lililofungwa ni shamba la kuvu. Hamishia lenzi kwenye ndoo au kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu. Vikishalowa vikaushe kabisa kisha uvirudishe. Mchele usitumie, unatoa vumbi. Kuvu iliyo kwenye kioo cha nje hufutwa kwa kitambaa laini na dawa ya lenzi. Ya ndani ni kazi ya fundi, na lenzi hiyo isikae na nzuri. Ukitoka kwenye baridi ya asubuhi na kuingia ukumbi uliojaa watu, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uifungue baada ya nusu saa. Hapo unyevu utatua juu ya plastiki, si kwenye vioo.