Mkuu, usichanganye trikodema na dawa ya ukungu

Kama hiyo pampu hujaimwagia shambani, isimamishe hapo hapo. Umesema nyanya zinanyauka na muuzaji kakwambia uweke trikodema pamoja na kabendazimu, umwagie shinani ili "zishambulie kwa pamoja". Trikodema ni kuvu hai. Kabendazimu ni dawa ya kuua kuvu. Unanunua kiumbe kwa bei ile halafu unakiua kwenye maji kabla hakijagusa mzizi!

Ushauri huo huo niliuziwa mimi kwenye duka la pembejeo kule Ilula, pakiti zote mbili zikapangwa kaunta. Nikamwagia shamba zima. Majani ya chini yakaanza kugeuka njano, tena upande mmoja tu wa mche. Tawi likawa linalala mchana na kuinuka jioni, mwisho halikuinuka tena. Nilipochana shina kwa wembe, chini ya ganda kulikuwa na mistari ya kahawia ikipanda kutoka kwenye mizizi. Mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu anayeingia kutoka udongoni. Hela ya mkopo wa kikundi ikaishia pale, na matenga niliyokuwa nimeshayanunua nikawauzia majirani. Kurudi dukani naambiwa dozi ilikuwa ndogo, niongeze! Jibu lile linaniuma mpaka leo, kwa sababu lebo ilikataza kuchanganya na yeye ndiye mwenye kuuza kitu hicho kila siku.

Na hata ukiimwaga trikodema peke yake, mche ulioshanyauka hauponi. Fuzari imeshaingia kwenye mishipa ya maji, wakati trikodema hufanya kazi kwenye mzizi na udongo unaouzunguka: inawahi nafasi na chakula, na kuvu wengine kama rizoktonia inawazonga na kuwala. Ndiyo maana lazima iutangulie ugonjwa. Ianze kitaluni, kwenye udongo wa trei au samadi iliyooza sawasawa, hapo inapunguza hata kinyausi, ule ugonjwa wa miche michanga kuoza shina na kuanguka. Siku ya kupandikiza mwagia tena, jioni, udongo ukiwa na unyevu. Tumia ndoo safi, siyo pampu yenye mabaki ya dawa ya ukungu, na pakiti isikae juani.

Halafu hakikisha kwanza ni ugonjwa gani. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, utulie dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko bakteria, usitegemee trikodema ikuokoe. Ikiwa ni fuzari, ng'oa iliyougua uchome, na eneo hilo usirudishie nyanya msimu ujao, vijimbegu vyake hudumu udongoni miaka mingi.

Uliyouliza kuhusu nafasi ya kupandia na aina ya mbegu, wengine watakujibu. Wewe fanya hiyo ya glasi leo, utuwekee picha ya shina ulilolichana.